Waliopiga Picha Kipande Wakaacha Nyumba

Negativu kongwe kuliko zote zilizosalia duniani haina mtu, haina nyumba nzima, haina mandhari. Ina dirisha moja tu. William Henry Fox Talbot, msomi wa Kiingereza mwenye mali na mashamba, aliipiga Agosti 1835 ndani ya jumba lake la Lacock Abbey, huko Wiltshire. Ni kijikaratasi kisichofika sentimita nne upande wake mrefu, na vijimraba vya dirisha vimejipanga ndani yake kwa rangi ya zambarau iliyochujuka. Talbot aliandika kando yake kwamba picha ilipokuwa mpya, mtu aliyetazama kwa lenzi ya kukuzia aliweza kuhesabu vipande vya kioo vipatavyo 200.

Kwa nini dirisha? Si kwamba alilipenda kuliko vitu vingine vya nyumbani. Karatasi yake, iliyopakwa chumvi na nitrati ya fedha, ilikuwa nzito kushika mwanga. Kamera zenyewe zilikuwa visanduku vidogo vya mbao alivyoviacha huku na kule kwa muda mrefu, hata mkewe, Constance, akaviita mitego ya panya. Hakuna binadamu ambaye angetulia kiasi hicho. Dirisha lenye jua la kiangazi nyuma yake liliweza. Basi picha ya kipande cha jengo haikuja baada ya picha ya jengo zima, kama mtu anavyoweza kudhani. Zilikuja pamoja, na kilichochagua kipande kilikuwa udhaifu wa dawa.

Kati ya 1844 na 1846 Talbot alitoa kwa mafungu kitabu chake The Pencil of Nature, chenye picha 24 zilizobandikwa kwa mkono, nakala baada ya nakala. Humo mna jani moja la mmea, kitambaa cha lesi, rafu ya vitabu, rafu za vyombo vya kaure. Kuhusu vile vyombo alieleza faida ambayo mwenye nyumba yeyote angeielewa upesi: mwizi akivibeba, picha ingeweza kupelekwa mahakamani ikawa shahidi asiyesema neno. Mna pia mlango ulio wazi, aliourudia mara kadhaa kabla ya kuridhika Aprili 1844. Fagio la vijiti limeegemezwa mlangoni, kivuli chake kimelala mshazari, taa na hatamu za farasi zimetundikwa ukutani, na ndani kabisa giza linatobolewa na dirisha la upande wa pili. Lile fagio halikusahauliwa na mtumishi. Limewekwa. Talbot, ambaye kwenye vyombo vya kaure alizungumza kama wakili, hapa alikuwa anashindana na wachoraji wa Kiholanzi. Mivutano hiyo miwili, ya ushahidi na ya uzuri, imeifuata picha ya kipande mpaka leo, na kwa muda mrefu ushahidi ndio ulioshika usukani.

Mwangalie Anna Atkins. Baba yake, John George Children, alikuwa mwanasayansi wa British Museum, na rafiki wa familia alikuwa John Herschel, ambaye mwaka 1842 aligundua namna ya kutoa picha ya buluu kwa chumvi za chuma. Atkins alikuwa anakusanya mwani wa pwani za Uingereza, akataka kuuonyesha ulivyo, maana mkono wa mchoraji ulichoka kufuata nyuzi nyembamba kama zile. Alipaka karatasi dawa, akaikausha gizani, akautandaza mwani juu yake, akaubana kwa kioo, akaitoa juani. Karatasi iliyopata jua iligeuka buluu baada ya kuoshwa kwa maji ya kawaida. Pale mwani ulipolala pakabaki peupe, na kila uzi na kila tawi limekaa mahali pake, kwa ukubwa wake halisi. Hakutumia kamera. Fungu la kwanza la kitabu chake lilitoka Oktoba 1843, kabla hata ya kitabu cha Talbot, na kazi iliendelea mpaka 1853. Kwa sababu hakukiuza madukani bali aliwagawia marafiki na jumuiya za wasomi, sifa ya kuwa wa kwanza ilimwendea Talbot. Mimi naiona buluu ile kuwa nzuri kuliko chochote alichotoa Talbot, ila yeye hakuifuata kwa uzuri wake. Ndiyo dawa iliyokuwa rahisi kutumia.

Huko Venice, mwaka 1845, John Ruskin alikuwa na haraka ya namna nyingine. Majumba ya kale yalikuwa yanabomoka, na yale yasiyobomoka yalikuwa yanakwanguliwa na mafundi waliodai kuyatengeneza. Kijana huyu, mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo, alikuwa akichora vichwa vya nguzo na pindo za matao mchana kutwa, na kasi ya mafundi ikawa inamshinda. Mfaransa mmoja akamuuzia mabamba madogo ya dagerotaipu, yaani picha juu ya shaba iliyopakwa fedha. Ruskin akamwandikia baba yake kwa furaha kwamba ni kama kulichukua jumba lenyewe: kila jiwe lililobanjuka na kila doa limo. Baadaye alinunua vifaa vyake, na mtumishi wake, John Hobbs, ndiye aliyefanya kazi nyingi za dawa na bamba. Kitabu cha Ruskin juu ya mawe ya Venice, kilichotoka 1851 hadi 1853, kimejengwa juu ya vipande hivyo. Uzeeni Ruskin aliisema vibaya kamera.

Mwaka uleule wa 1851 serikali ya Ufaransa iliingia kazini. Tume ya majengo ya kihistoria, ambayo mwandishi Prosper Mérimée alikuwa miongoni mwa nguzo zake, iliwatuma watu watano nchini kote: Édouard Baldus, Hippolyte Bayard, Gustave Le Gray, Auguste Mestral na Henri Le Secq. Walitakiwa walete picha za makanisa, ngome na madaraja yaliyohitaji ukarabati. Le Secq alipangiwa mashariki, upande wa Champagne, Alsace na Lorraine, ambako kuna makanisa makuu ya Reims na Strasbourg. Mwaka uliofuata alikwenda Chartres.

Picha zake zinavutia kwa jinsi zilivyokatwa. Kanisa kuu la zama za kati halikai ndani ya kamera kwa urahisi, kwa kuwa nyumba za mji zimelibana pande zote. Le Secq akasogea. Alichukua mlango mmoja, kisha kundi la sanamu za mlango huo, kisha mikunjo ya nguo za sanamu mbili tatu. Katika picha zake za Chartres watakatifu na wafalme wamesimama wembamba, nguo zimeanguka kwa mistari iliyonyooka, na jiwe limekatika hapa, limeliwa na mvua pale. Fundi wa mawe angeweza kusoma humo pa kuanzia kazi. Rafiki yake Charles Nègre alimpiga picha akiwa juu ya Notre-Dame ya Paris, kofia ndefu kichwani, kando ya sanamu la zimwi lililoshika tama na kuutazama mji. Picha hiyo inajulikana kuliko zote alizopiga Le Secq mwenyewe, na sababu ni ya kuudhi: tume ilizipokea picha za wale watano, ikaziweka kwenye makabati, haikuzichapisha.

Mnamo 1856 Le Secq aliachana na kamera. Akaanza kukusanya vyuma: vitasa, funguo, bawaba, alama za maduka, vyuma vya kugongea milango. Mwanawe aliendeleza, na leo mkusanyiko huo umejaa ndani ya kanisa la zamani la Saint-Laurent mjini Rouen, umekuwa makumbusho. Mtu aliyekuwa akichukua vipande vya majengo kwa mwanga aliishia kuvichukua kwa mikono.

Wa kuwarithi hawa alikuwa mtu asiye na tume wala cheo. Eugène Atget alizaliwa Libourne mwaka 1857, akafanya kazi ya ubaharia, akajaribu uigizaji usimpeleke mbali, na alipofika umri wa miaka 40 hivi akaanza kuipiga picha Paris ya zamani kwa ajili ya kuuza. Kwenye mlango wa nyumba yake, mtaa wa Campagne-Première, alitangaza kwamba ana nyaraka kwa ajili ya wasanii. Hakusema ana sanaa. Wateja wake walikuwa wachoraji, mafundi wa samani, wahunzi, wapambaji wa majukwaa ya maigizo, maktaba ya historia ya jiji, makumbusho ya Carnavalet, hata makumbusho ya Victoria and Albert ya London. Mhunzi aliyepata kazi ya kutengeneza reli ya ngazi kwa mtindo wa karne ya 18 alihitaji kuona pindo la chuma linavyoungana na nguzo ya chini. Atget alikuwa nalo.

Vifaa vyake vilikuwa vizito hata kwa wakati ule: kamera ya mbao yenye mfuko wa ngozi unaokunjuka, stendi ya miguu mitatu, na mabamba ya vioo ya sentimita 18 kwa 24. Alitoka alfajiri, wakati mitaa haina watu na mwanga haujawa mkali. Alisimamisha kamera mbele ya mlango, akajifunika kitambaa cheusi, akatazama taswira iliyogeuka miguu juu kwenye kioo cha nyuma, akaweka bamba, akafungua lenzi, akangoja. Akirudi nyumbani alilibana bamba juu ya karatasi akaiweka juani, hivyo picha ikatoka kwa ukubwa uleule wa bamba, bila kukuzwa. Ndiyo maana kwenye picha ya kichwa cha simba kinachouma pete ya kugongea mlango unaona kutu, unaona rangi ilivyopasuka kwenye mbao, unaona mahali ambapo mikono ya miaka mingi imelainisha chuma.

Na aliandika. Mtaa, nambari ya nyumba, mara nyingi jina la jumba, kisha nambari ya bamba. Mteja aliyetaka balkoni za mtaa fulani alifunguliwa albamu, akachagua. Mwaka 1920 Atget aliiuzia serikali ya Ufaransa negativu 2,621 kwa faranga 10,000, akijisifu katika barua yake kwamba sasa anaimiliki Paris ya zamani yote. Alipokaribia mwisho wa maisha, jirani yake wa mtaa, msanii Man Ray, alitia picha zake kadhaa katika jarida la wasurrealisti la mwaka 1926. Mzee akataka jina lake lisiwekwe. Alifariki Agosti 1927. Mmarekani Berenice Abbott alinunua kilichobaki studioni, akakihangaikia miaka 40, na mwaka 1968 kikaingia Museum of Modern Art, New York. Vitasa vya kuwauzia wahunzi vikawa sanaa ya kisasa bila mwenyewe kuombwa ruhusa.

Uingereza alikuwapo Frederick Evans, aliyekuwa na duka la vitabu London mpaka 1898. Mwaka 1903, ndani ya kanisa kuu la Wells, alipiga picha ya ngazi za mawe zilizolika kwa nyayo hadi zikaonekana zinapanda na kuteleza kama mawimbi, akaipa jina la bahari ya ngazi. Alichapisha kwa karatasi ya platinamu, yenye kijivu kingi kisichohesabika, na bei ya platinamu ilipopaa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akaacha kupiga. Ni mmoja wa wachache wa zama hizo waliolenga uzuri tangu mwanzo.

Berlin, mtu mwingine alikuwa anafanya kazi yake kimya darasani. Karl Blossfeldt, aliyezaliwa 1865 katika milima ya Harz, alianza maisha akiwa mwanafunzi wa ufundi katika kiwanda cha kusubu vyuma vya mapambo. Mimea ilimjia kwa njia hiyo: geti la chuma lina majani, ua na kikonyo, na fundi anayevisubu lazima avijue. Mwalimu wake, Moritz Meurer, alimchukua Roma miaka ya 1890 kukusanya mimea ya kufundishia uchoraji. Tangu mwisho wa karne mpaka 1930 Blossfeldt alifundisha katika shule ya sanaa na ufundi ya Berlin, na tatizo lake lilikuwa la mwalimu yeyote: ua linanyauka kabla kipindi hakijaisha, na mwanafunzi wa safu ya nyuma haoni. Picha iliyokuzwa ilimaliza matatizo yote mawili.

Alijitengenezea kamera. Mimea hakuinunua kwa wauza maua. Aliichuma kando ya njia na kwenye kingo za reli, magugu mengi. Aliipunguza kwa kisu, akaondoa majani yaliyoziba umbo, akaisimamisha mbele ya kadibodi nyeupe au ya kijivu, akaiacha chini ya mwanga laini wa dirisha, kisha akaikuza, mingine mara 30. Machipukizi ya kangaga yaliyojiviringa yakatoka kama bakora ya askofu. Shina lenye mapingili likawa mnara. Hakuna kivuli cha kusisimua wala pembe ya ajabu. Kila kitu kimetazamwa uso kwa uso, miaka 30 na zaidi, kwa namna ileile. Karl Nierendorf, mwenye jumba la maonyesho, alizigundua katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1928 kikatoka kitabu Urformen der Kunst, picha 120. Mwalimu aliyekuwa na umri wa miaka 63 akawa maarufu ghafla. Alifariki 1932.

Kufikia hapo upepo ulikwishageuka. Mwaka 1916 Paul Strand, akiwa Twin Lakes huko Connecticut, alipiga mabakuli ya jikoni kwa karibu sana, na meza ya barazani iliyokatwa na vivuli vya nguzo, mpaka mtazamaji akabaki na maumbo tu. Mwaka uliofuata Alfred Stieglitz, mhariri wa jarida la Camera Work, alimpa Strand toleo zima la mwisho la jarida hilo. Kipande hakikuwa tena cha fundi wala mwalimu, kilijitosheleza.

Edward Weston alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1925, akiwa Mexico, alitumia siku kadhaa kupiga picha choo cha kukaa cha nyumba aliyopanga, akivutiwa na mpindo wa kaure, huku akiandika kwenye shajara hofu yake kwamba mwenzake wa nyumbani angeingia kwa haja yake. Agosti 1930, huko California, alikuwa na pilipili hoho iliyojikunja kama mgongo wa mtu aliyeinama. Alihangaika kwa ukuta, kitambaa na kadibodi, mwisho akaiingiza kwenye faneli ya bati. Bati lile lilirudisha mwanga taratibu pande zote za pilipili, na tundu la lenzi lilikuwa dogo kiasi kwamba picha moja ilihitaji dakika kadhaa. Siku zilipopita aliandika kwamba pilipili imeanza kuchoka, afadhali iingie kwenye saladi. Napenda kwamba hakujifanya mtakatifu: kipande kilichopata umaarufu wa dunia kilikuwa pia chakula cha jioni.

Ujerumani, Albert Renger-Patzsch alitoa mwaka 1928 kitabu cha picha 100 za nyoka, mashine, misitu, vyungu, bomba za viwanda. Alitaka kiitwe ‘Vitu’. Mchapishaji akakiita Die Welt ist schön, yaani dunia ni nzuri, na jina hilo likamtia matatani. Mwaka 1931 mhakiki Walter Benjamin aliandika historia fupi ya upigaji picha, akaligeuza jina hilo kuwa shitaka: picha za namna hii zinaweza kukitukuza kitu chochote, hata mkebe wa supu, bila kuonyesha hata kidogo kinavyohusiana na watu wanaokitengeneza na kukitumia. Alimleta mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht kuwa shahidi, aliyesema kwamba picha ya kiwanda haikwambii karibu chochote juu ya kiwanda hicho. Ajabu ni kwamba katika makala hiyohiyo Benjamin aliwasifu Blossfeldt na Atget. Akauliza pia kama maneno yanayoandikwa chini ya picha hayatakuwa sehemu yake iliyo muhimu kuliko zote.

Hapo ndipo ninapokubaliana naye kuliko anapolalamika. Kosa la Renger-Patzsch halikuwa kusogea karibu. Le Secq alisogea, Atget alisogea, Blossfeldt alisogea kuliko wote. Tofauti ni kwamba kipande chao kilikuwa na kwao: hili ni jiwe la mlango fulani wa Chartres, hiki ni kitasa cha nyumba nambari fulani, huu ni mmea fulani wenye jina lake. Mtu aliweza kukifuata kurudi kwenye nyumba.

Kwetu pwani jambo hili si la mbali. Mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe umepigwa picha labda kuliko kitu kingine chochote Zanzibar, na hasa vipande vyake: mfaa wa katikati wenye maua na minyororo, kizingiti cha juu chenye maandishi, misumari ya shaba. Vimejaa kwenye kadi za posta, kalenda na kuta za mahoteli, na chini yake mara nyingi pameandikwa ‘Mlango wa Zanzibar’ tu. Mji uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hilo halikuuzuia upande mmoja wa Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Jengo likianguka, fundi anayetaka kurudisha nguzo au roshani anahitaji picha ya karibu, iliyopigwa uso kwa uso, inayosema ni roshani ipi na ya upande gani. Picha mia za kupendeza zisizo na anwani hazimsaidii.

Siku hizi kila mwenye simu anaweza kufanya alichofanya Atget bila kubeba vioo. Ukipita Malindi, Shangani au Kiponda, Lamu au Mombasa, ukaupenda mchongo ukaupiga, andika mtaa, nyumba ya nani, mlango unaelekea wapi na tarehe. Na kama kuna mzee anayejua jina la aliyeuchonga, liandike pia.